Marehemu Aliyeomba Nywila Mpya

Ninyi mnaoanza kazi hii mnaniuliza jambo lilelile kila tukikutana: Mama Limi, akaunti ya mtu inafutwaje? Hamniulizi inafunguliwaje. Kufungua mnaona rahisi, na kweli ni rahisi, hata kuku akipita juu ya kibodi anaweza kumfungulia mtu akaunti. Kufuta ndiko kunakowapa kiherehere. Mnataka mfumo uwe msafi, pasiwe na jina lililolala humo bila kazi. Haya, sogeeni niwaambie kwa nini mimi, mpaka nastaafu na kurudi hapa Kolandoto kufuga, nilikuwa nafuta polepole kuliko mtu yeyote mkoani.

Ofisi yetu ilikuwa Shinyanga mjini, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Tulisimamia akaunti na ruhusa za watu wa kampuni nyingi: kiwanda cha pamba, shule, migodi miwili mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuamua nani anaingia wapi na akishaingia anaruhusiwa kugusa nini. Wenyewe hatukuwa na seva hata moja. Zote zilikuwa za kukodi, huko kwenye wingu.

Neno hilo lilinitesa sana nyumbani. Mjomba wangu, mfugaji, aliniuliza mwaka ule wa ukame, "Hilo wingu lenu mbona halinyeshi?" Nikamweleza kwamba ni mashine tu, ziko nchi za mbali, kwenye vyumba vya baridi visivyo na watu. Akatafuna kijiti chake, kisha akasema, "Kwa hiyo majina yetu yamekaa gizani mahali tusipopajua, na wewe ndiye umeshika mlango." Nilicheka. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Aliyenifundisha ni Bi. Zaituni wa Tabora, aliyeanzia kwenye mitambo ya simu za waya, enzi za kuchomeka na kuchomoa. Mkali huyo! Ukikosea alikuwa hakugombezi, anakutazama tu mpaka unajiona huna nguo. Alikuwa na sharti moja: usimkate mtu kabla hujasikia sauti. Huko kwenye simu aliwahi kuona wenzake wakichomoa waya kwa sababu pande zote mbili zilikuwa kimya, kumbe upande mmoja mtu alikuwa analia. Alipohamia kwenye kompyuta alikuja na sharti lake vilevile. Kabla ya kufuta, kabla ya kumpa mtu nywila mpya, piga simu, sikia sauti ya mwenyewe au ya mtu anayemjua. Vijana wa Dar walipotuletea mfumo mpya walimcheka. Mimi nikalishika sharti lake.

Mengine mtayajua wenyewe. Mtajua kwamba bosi akisema "nipe ruhusa zote" huwa hataki ruhusa, anataka heshima. Nilikuwa na meneja mmoja aliyenuna wiki nzima kwa kuwa karani wake alikuwa na mlango ambao yeye hana. Nikambadilishia jina kwenye skrini, nikaandika MENEJA MKUU kwa herufi kubwa, ruhusa nikaziacha zilezile chache. Akaniletea soda. Mtajua pia shida ya majina ya huku kwetu. Kampuni moja ilikuwa na Shija wengi kiasi kwamba ilibidi niwatie namba, na mmoja akaja juu, hataki kuitwa Shija wa nne wakati yeye ni mkubwa kuliko wote. Nikampa wa kwanza, na yule wa kwanza akaninunia mpaka leo.

Sasa huyo Mzee Ng'wandu.

Alikuwa fundi baruti kwenye mgodi mmoja wa chini ya ardhi, mbele ya Segese. Si mgodi mkubwa na sitautaja. Sikuwahi kumwona uso kwa uso. Nilimjua kwa sauti, kwa sababu alikuwa anasahau nywila kila akitoka mapumzikoni. Simu inalia, ananisalimia kwa Kisukuma na kuniita mama: "Mwadila, mayu. Hii paswadi imenikataa tena." Sauti nzito, ya taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe. Kwenye mfumo kulikuwa na swali la siri la kumtambua mtu aliyesahau, na tulilipanga pamoja kwa simu: ng'ombe wako wa kwanza aliitwa nani? Alicheka sana nilipomwomba achague swali. Akasema hilo hakuna wa kulijua, maana ng'ombe huyo alikufa kabla hajaoa. Jibu lake silitaji hata leo, msiniulize.

Mjue kwanza mambo ya kule yalivyokuwa yanakwenda. Zamani mtu akishuka mgodini anachukua kibati chake ukutani, akipanda anakirudisha kwenye msumari. Msumari mtupu, mtu yuko chini. Halafu wakahamishia kwenye wingu. Kila mtu akawa na akaunti na kadi. Kadi inafungua geti, inafungua kabati la taa, inasomwa na kila mlango anaopita huko chini, na jina lake linatokea kwenye skrini kubwa juu ambayo watu waliendelea kuiita ubao. Baruti hailipuki mpaka ubao uwe mtupu. Mfumo unakataa. Na mwenye uwezo wa kuondoa jina kwenye ubao bila kadi kusomwa wakati wa kutoka alikuwa mimi, ghorofani, Shinyanga.

Ilikuwa kiangazi, jua la mchana linachoma, upepo unapeperusha vumbi mpaka unalisikia kwenye meno. Nikaona kwenye skrini yangu alama nyekundu: kuna mtu anakosea nywila. Akaunti ya Ng'wandu. Nikatabasamu. Nikasema mzee wangu ameanza tena. Kilichonishangaza ni mahali. Alikuwa anajaribu kwenye skrini ya chumba cha kujikinga, sehemu ya zamani ya mgodi ambako hakuna kazi tena. Akakosea, akakosea tena, kisha likaja ombi rasmi: Ng'wandu amesahau nywila, anaomba mpya.

Nikafuata sharti la Bi. Zaituni. Simu ya chumba kile ilikuwa mbovu siku nyingi, kwa hiyo nikapiga juu, getini. Akapokea Shija mwingine, si wale wa namba, msimamizi wa zamu, mtu mzima mwenye watoto wakubwa.

"Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba, Shija. Hebu mtafutie mzee wangu Ng'wandu simu niongee naye. Amesahau paswadi."

Nilisikia mashine ya hewa ikinguruma nyuma yake.

"Mama, umesema nani?"

"Ng'wandu. Fundi baruti."

"Mama Limi," akasema taratibu, "Mzee Ng'wandu tulimzika. Mimi mwenyewe nilishika jeneza."

Nilitazama skrini. Jina lilikuwa palepale na alama ya kijani pembeni, maana yake yupo. Nikamwambia, "Shija, hapa kwangu yuko kazini. Ameingia asubuhi. Yuko chini, sehemu ya zamani."

Nilisikia amefunika simu kwa mkono, anaita watu kwa Kisukuma, na sauti za watu zikapanda kisha zikakatika zote kwa pamoja. Walikuwa wametazama ubao. Kila jina lilikuwa limeshatoka, maana ilikuwa inakaribia saa ya kulipua, na limebaki moja tu.

Wakati bado nimeshika simu, mfumo ukaniletea mstari wa pili. Swali la siri limejibiwa. Jibu ni sahihi.

Nawaambia ukweli, ofisi ilikuwa na watu, chini wauza magodoro wanabishana bei, jua kali kabisa, na mimi nilihisi baridi inapanda kutoka miguuni. Jibu lile tulilijua wawili tu, na mmoja alikuwa ameshafukiwa.

Simu ikachukuliwa na injinia wa zamu, kijana msomi, mwenye haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. "Mama, matundu yameshajazwa baruti. Haifai kukaa nayo. Watu wametoka wote, nimehesabu vichwa mwenyewe. Hiyo ni hitilafu ya mfumo wenu. Liondoe hilo jina."

"Kuna mtu anaandika," nikamwambia.

"Mtu gani? Wewe umeambiwa amekufa."

"Basi tuma mtu akaangalie."

Hapo akapunguza sauti. "Hakuna anayekubali kushuka, mama. Nimewaamuru, wamekaa chini. Wanasema hawaendi kumwita marehemu. Ukiliondoa jina wataamini mashine ilikosea, tutalipua, kesho kazi itaendelea. Tafadhali."

Kitufe kilikuwa mbele yangu. Ondoa. Ningekibonyeza hakuna mtu angenilaumu: injinia ameagiza, marehemu ni marehemu, mfumo hukosea. Na moyo wangu ulikuwa unataka kukibonyeza, si kwa ajili ya injinia, bali kwa sababu sikutaka kuendelea kuliona jina lile likiwa la kijani. Nililiogopa. Nikiri tu, nilimwogopa mzee aliyekuwa ananiita mayu.

Nikamwambia injinia anirudishie Shija.

"Shija, nisikilize. Mimi sijui huko chini kuna nani. Ila huyo anaomba nywila. Mzimu una haja gani na nywila?"

"Una hakika, mama?"

"Sina. Ningekuwa na hakika nisingekuomba wewe, ningefuta au ningewapigia polisi."

Nikasikia anapumua. "Nikimwita jina lake akaniitikia?"

"Usimwite jina. Mwite baba, kama unavyomwita mwanamume yeyote njiani."

Akasema, "Usifute mpaka nirudi," akaweka simu mezani bila kuikata. Nilisikia viatu vyake vinakwenda, na mtu mmoja nyuma anamwomba asiende.

Sasa mimi hapa nina mtu, au kitu, kimesimama mbele ya skrini gizani kinangoja jibu langu. Niliwaza, akichoka kungoja ataondoka pale, na akiondoka ataelekea wapi? Kule mbele kuna baruti. Mfumo wa mgodi ule ulikuwa ukikubali ombi, nywila ya muda inatokea palepale kwenye skrini ya mwombaji, na mimi ndiye ninayeiandika. Kwa kawaida nilikuwa naandika namba. Siku hiyo niliandika: KAAHAPOHAPO. Nikatuma.

Muda ulipita, sikuuhesabu. Kisha mstari ukatokea: nywila imekubaliwa, Ng'wandu ameingia. Alikuwa ameisoma na kuiandika, herufi kwa herufi. Baada ya hapo hakugusa kitu tena. Jina likabaki limesimama pale, la kijani, kama mtu aliyeambiwa akae na akakaa.

Yaliyotokea chini alinisimulia Shija mwenyewe, na alinisimulia mara moja tu. Alikwenda na taa yake mpaka sehemu ya zamani, anaita "Baba! Baba!" na sauti inamrudia kutoka kila upande. Alipokaribia chumba cha kujikinga akasikia anajibiwa. Ilikuwa sauti ya Ng'wandu, ileile nzito, ya taratibu. Ikasema, "Baba hayupo."

Shija anasema aliganda pale, taa mkononi. Ndipo sauti ikaongeza, "Ni mimi. Ni mwanawe."

Alikuwa Masanja, mtoto wa kwanza wa marehemu, kijana wa kuoa, aliyekuwa akichimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Baada ya matanga ukoo ulimkabidhi vitu vya baba yake kama inavyofanyika: kofia, jembe, kiti, na shati ambalo mfukoni mwake kadi ya mgodi ilibaki. Wazee wakamwambia, jina la baba yako sasa ni lako, kamata na kazi yake. Akakamata. Asubuhi ile alifika getini kubisha hodi tu, aombe kuonana na wakubwa. Akaigusisha kadi kama alivyowahi kumwona baba yake akifanya. Geti likafunguka na skrini ikaandika: Karibu tena, Ng'wandu. Kabati la taa nalo likamfungukia. Angefikiri nini? Alifikiri wameshaambiwa, wamemkubali. Akashuka na kundi la zamu, uso umefunikwa kwa kitambaa cha kuzuia vumbi, kofia ya baba yake kichwani, hakuna aliyemtazama mara mbili. Huko chini akaachwa nyuma, akapotea, akajaribu ile skrini aombe msaada, nayo ikamdai nywila.

Na lile jibu? Alinieleza bila kujua anachonieleza. Baba yake siku za mwisho, homa imepanda, alikuwa anamwita ng'ombe mmoja kwa jina usiku kucha, nyumba nzima ikadhani anaweweseka. Skrini ilipouliza ng'ombe wa kwanza, Masanja aliandika jina lile kwa kuwa hakujua mwingine.

Mtauliza akaunti ya maiti ilikuwaje hai. Ni kwa neno moja. Mzee alipofariki, Shija alituma ujumbe kwa watu wa utumishi, na kwa heshima hakutaka kuandika kwamba mzee kama yule amekufa. Aliandika: Mzee Ng'wandu amepumzika. Aliyepokea alikuwa Rehema, binti wa Tanga, mgeni, na mgodini mapumziko ni zile siku za kwenda nyumbani baada ya zamu. Akamwekea mapumziko. Seva ya utumishi ikaiambia seva ya malipo, hiyo ikaiambia ya milango, na siku za mapumziko zilipokwisha zikamwamsha mzee moja baada ya nyingine, kama nyumba inayowashwa taa chumba kwa chumba. Simlaumu Rehema. Simlaumu Shija pia. Ningekuwa mimi ningeandika vilevile. Ninachowaambia ninyi ni kwamba mkipokea neno la watu kuhusu mtu, msilitie kwenye mfumo mpaka mmeuliza maana yake kwa aliyelisema.

Kuna jambo moja sina maelezo yake, na sitajidai ninayo. Nilimuuliza Masanja alikijuaje chumba cha kujikinga, mahali pekee kule chini penye hewa safi na ukuta wa kumkinga, hali hajawahi kufika. Akasema hakukijua. Taa yake ilikuwa imefifia, akaona taa nyingine mbele yake, ya mtu anayetembea bila haraka, akaifuata akidhani ni mfanyakazi. Alipofika mlangoni mwenye taa hakuwepo. Nilirudia rekodi zote, mlango kwa mlango. Sehemu ile mchana mzima, kabla Shija hajafika, ilisoma kadi moja na jina moja. Shija ukimuuliza habari hiyo anabadilisha mazungumzo, anauliza mvua.

Baadaye mjane alikuja Shinyanga na Masanja, Mama Masanja mwenyewe, amebeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Alipanda ngazi zetu polepole, akanisalimia, akakataa kiti.

"Wewe ndiye uliyeambiwa umfute ukakataa?"

"Ni mimi."

"Wabeja, mayu. Wabeja sana." Alipokwisha kunishukuru akasema, "Sasa nionyeshe baba yake."

Nilikuwa nimeizuia tu akaunti, sikuwa nimeifuta. Nikaifungua. Picha ikatokea, mzee na kofia yake ya kazi, amekodoa macho kwa mwanga wa kamera. Ndiyo siku nilipomwona kwa mara ya kwanza. Mama Masanja akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Humu ndani anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Amesimama tu."

"Hata nyumbani alikuwa hivyo," akasema. "Akitaka kuondoka hatoki. Anasimama mlangoni, anangoja nimwambie haya, nenda."

Akaizungumzia ile picha kwa Kisukuma, maneno machache, sauti ya chini, kama mtu anayemfungia mwenzake vifungo vya shati. Masanja akageuka ukutani. Kisha mama akaniambia, "Mpe ruhusa."

Nikabonyeza futa. Mfumo ukauliza kama unavyowauliza ninyi kila siku: una hakika? Akataka kujua kimeandikwa nini, nikamsomea.

"Mjibu ndiyo," akasema.

Nikajibu ndiyo. Picha ikaondoka, ikabaki duara la kijivu lisilo na uso, halafu na lenyewe likaondoka. Nimefuta watu wengi maishani, walioacha kazi, waliofukuzwa, waliokufa, na sikuwahi kutoa chozi hata kwa mmoja. Siku hiyo nililia mbele ya wateja. Mama Masanja akanishika bega.

"Nyamaza, mayu," akaniambia. "Amekwenda vizuri."